Kengele ya Jana

Oulu, Februari, saa nne usiku,
nyuzi ishirini na mbili chini ya sifuri,
nami natafuta neno moja.

Ilpo, hukuniachia barua.
Uliacha kikombe kilichokatika mkono,
msumari uliokuwa ukitundika koti,
na klasta ya seva inayowaamsha madereva
wa magari ya kusukuma theluji.

Jumanne tunapandisha toleo.
Waraka wa mabadiliko umesema kwa sauti ya mwenye nyumba:
majina ya zamani mwisho wake leo.
Atakayebisha hodi kwa jina la kale
ataambiwa, huyo hakai hapa.

Kwa hiyo niliuliza. Niliita kazi kwa kazi,
kontena kwa kontena, kama mwalimu na daftari lake:
wewe toleo gani? Na wewe?
Zikaitika zote: la kwanza, kamili. La kwanza, kamili.
Hakuna hata moja iliyotamka beta.
Pirkko wa zamu akaanza kuvaa glavu.
"Tuko safi," alisema, akaenda zake.

Nikakaribia kuamini.

Lakini seva ni mwenyeji mstaarabu kupita kiasi.
Ukiipelekea salamu ya miaka mitano nyuma
haicheki, haikusahihishi;
inaipokea, inaivika nguo mpya,
na ajaye kuuliza anaonyeshwa nguo tu.
Nilikuwa nimewauliza waliokwisha kukaa sebuleni.
Sikumuuliza anayebisha.

Wahenga walisema tuzibe ufa.
Hawakusema lolote juu ya ufa
uliopakwa rangi na ukuta wenyewe.

Basi nikarudi mlangoni.
Pale kuna kihesabu kidogo asichokitazama mtu,
huhesabu kila anayeingia kwa lugha iliyokataliwa.
Kilikuwa kikipanda moja,
moja tu kwa siku,
saa tano na dakika kumi usiku.
Nikatazama saa ya ukutani. Tano kasoro tano.
Nikasubiri na kahawa iliyopoa.

Moja.

Kumbukumbu za ukaguzi zikanipa jina la mgeni:
ilpo-majaribio.

Mwaka wa pili sasa tangu tukusindikize
katika theluji ile ile, jeneza likiteleza mikononi,
na kila usiku bado unabisha.
Mistari arobaini, kwenye mashine iliyo chini ya meza ya Kalervo:
inasoma utabiri wa hewa,
inaandika upya saa ya kuamsha,
inaikabidhi klasta kwa jina la zamani.
Na juu kabisa, maelezo yako:
"Sinikka akiamshwa bure hanisemeshi siku mbili."

Jumanne ingefika. Klasta ingekataa.
Hakuna taa nyekundu ambayo ingewaka,
kwa sababu hukuiandika taa nyekundu, Ilpo, nakujua.
Ratiba ingebaki pale ilipoachwa:
kengele ya jana kwa theluji ya leo,
daraja la Tuira jeupe hadi magotini,
na wauguzi wa asubuhi wakisukuma baiskeli.

Nikafuta herufi nne na tarakimu moja.
Ndiyo kazi yote. Siku sita za kutafuta,
pumzi moja ya kufuta.
Jina la akaunti sikuligusa.
Pirkko aliuliza kwa nini, nikasema kuna foleni ya vibali.

Usiku uliofuata nilikaa tena.
Saa tano na dakika kumi ikaja, ikapita,
kihesabu hakikusogea.
Nilidhani nitafurahi.
Nilikaa nikikitazama kama mtu aliyezoea hodi
na sasa anausikia mlango.

Tukapandisha Jumanne, hakuna kilichoanguka.
Usiku wa Jumatano mistari yako ilisoma mawingu
ikachagua: saa nane na dakika arobaini.
Simu ya Sinikka ikalia kule Tuira,
gari namba kumi na nne likawasha taa ya machungwa.

Theluji ilikuwa imeanza saa nane na nusu.
Umechelewa dakika kumi, Ilpo.
Kama kawaida.