Yeye

Andalio la somo naliandika usiku
nyuma ya stakabadhi ya karafuu ya mwaka jana:
upande mmoja, kilo arubaini na mbili,
upande wa pili, Mada. Lengo. Zana. Dakika.
Darasa la watu wazima, Konde, baada ya alasiri.
Mada: kumtaja mtu asiyekuwapo.
Zana: chaki mbili, na mwanasesere
niliyemuazima kwa binti yangu kwa masharti.

Chini ya taa inaonekana rahisi.

Wamekuja na vidole vyeusi vya kuchambua,
na harufu ile isiyotoka kwa sabuni.
Faki Shaame kasinzia, mkono shavuni,
toka alfajiri yuko juu ya mkarafuu.
Madawati yetu ni ya watoto wa la pili,
na Mize, mimba ya miezi saba,
haingii baina ya kiti na meza.
Kakaa ubavu, kama mtu anayetaka kuondoka.

Nachora mwanamume. Nasema: hi.
Darasa zima linageuka kutafuta.
"Hii ipi, Mwalimu?"
Hii, kwetu, ni ya kuonyeshwa kwa kidole:
hii chaki, hii kazi,
hii mvua inakuja na karafuu bado uwanjani.
Nachora mwanamke. Shi, nasema,
na ulimi wa Time Kombo unateleza mpaka kwenye shilingi.

Basi nikaeleza kwa Kiswahili, kinyume cha andalio:
sisi tuna yeye, na yeye hatumuulizi.
Yeye kaja, yeye kafa, yeye ananidai.
Ukitaka kujua ni mume au mke
ngoja maneno yakufikishe, au yasikufikishe.
Wenzetu hawangoji. Mlangoni tu,
hata jina hujataja, wanakupapasa.

Faki kafumbua jicho. "Kama askari wa bandarini."

Mwanasesere: shi, wakajibu.
Babu yake Time: hi. Vizuri.
Mbuzi anayepita dirishani: iti.
Kiti, iti. Jiwe, iti.
Dakika ya thelathini, nikaanza kujisifu kimoyomoyo.

Ndipo Mize akanyoosha mkono,
ule mwingine uko tumboni.
"Na huyu?"

Nikatazama stakabadhi.
"Huyu, kwa kuwa bado hatujamjua..."
"Sema tu."
"Iti."

Mbuzi akalia nje, saa ile ile.
Time akacheka, wakacheka wote,
Mize hakucheka.
"Leo nimechambua naye pishi nne.
Nikipumzika ananigonga. Mnamweka na kiti?"

Hilo sikulitengea dakika.
Nikamwambia anaweza kuchagua, hata wenyewe huchagua.
"Nichague nini, Mungu hajaniambia?"
Akauliza teke wanaliitaje. Nikamtajia.
Akainama juu ya daftari, herufi zake zimelala,
akaandika alivyosikia:
Yeye iz kiking mi.

Kalamu nyekundu ilikuwa mfukoni.
Ikabaki mfukoni.

Usiku, najaza pale pa tathmini.
Lengo limefikiwa? Kiasi.
Waliohudhuria: kumi na mmoja.
Nafuta. Naandika: kumi na wawili.
Binti yangu kasimama mlangoni na kanga ya kulalia,
kaja kudai chake.
"Yuko wapi?"
Nami nakumbuka: kabaki Konde, juu ya meza,
mlango umefungwa, peke yake gizani.