Sekunde Ishirini na Sita

Chemchemi yetu inatoka chini ya jiwe
lenye umbo la ng'ombe aliyelala,
juu kabisa, misonobari inapoanza, milimani Honduras.
Nimepanda huko tangu magoti yangu yakiwa mapya.
Sasa nahesabu vituo vya kupumzika: vitatu.

Mwaka ule wa kimbunga mlima ulishuka usiku.
Ulichukua bomba, ulichukua kahawa ya Wenceslao,
mbuzi wawili na ukuta wa kanisa,
ukatuachia tope la rangi ya matofali.
Wakaja watu wa helmeti nyeupe.
Walilaza bomba jipya kwa siku kumi na tisa,
wakapiga picha, wakala kuku wetu, wakaondoka
na ramani ya vali mfukoni.
Miezi minane tu. Kiungo kimoja kikapasuka
na sisi, watu mia nne na kitu,
tukalizunguka lile shimo
kama waliofiwa na mtu wasiyemjua jina.

Edelmira yeye alikuja kwa miguu.
Tulimtazama mikononi: hakuleta bomba.
Alileta ndoo ya lita ishirini na saa ya mkono
yenye kioo kilichopasuka.
"Jazeni," akasema, "kisha mniambie sekunde ngapi."
Wenceslao alicheka mpaka kofia ikaanguka.
Nani asiyejua kujaza ndoo?
Lakini jibu, hakuna aliyekuwa nalo.

Nikaandika. Mimi niliyeishia darasa la tatu,
niliyeficha mwandiko wangu kama kiraka:
Oktoba, nne.
Machi, kumi na moja.

Alikaa nasi mavuno mawili ya kahawa.
Tulijifunza kufungua vali robo kwa robo, bomba lisishtuke,
kupima klorini kwa kijiko, si kwa kukisia,
kutoza kila nyumba lempira thelathini kwa mwezi
na kumkatia maji hata padri akidaiwa.
(Tulimkatia. Alilipa Jumapili, baada ya misa, bila kunitazama.)

Bomba halikuwa gumu. Gumu lilikuwa choo cha Wenceslao,
kilichoatamia chemchemi kama kuku na mayai yake.
Nilimwendea mimi, na kichupa cha kipimo
ambacho usiku mmoja kilitosha kukigeuza cheusi.
"Haya ndiyo anayokunywa mjukuu wako."
Akachimba shimo jipya ng'ambo ya mtaro,
akakiinua choo kwa matofali, ngazi tano
juu ya alama ya mafuriko,
na mwaka mzima hakunisalimu.

Novemba iliyopita mlima ukashuka tena.
Saa tisa usiku niliisikia sauti ile,
na kabla ya kuomba nikavaa buti.
Kwenye vali ya juu nilimkuta mtu amepiga magoti,
tochi mdomoni, anazungusha spana.
Wenceslao. Hatukusemezana. Palikuwa na kazi.
Jumanne maji yakafika, mekundu.
Jumatano yakawa kama chai ya maziwa.
Alhamisi yakanuka klorini, na watoto wakanung'unika.
Hakuna aliyekuja na kamera.

Lakini sitaki kudanganya. Mvua siku hizi huja kama mdai:
kimya kirefu, halafu anavunja mlango.
Aprili hii nilipanda na Yesenia, binti wa dada yangu,
miaka kumi na miwili, saa ya Edelmira
ikimzunguka mkononi kama bangili ya mtu mzima.
Akaitega ndoo chini ya jiwe la ng'ombe.
Yeye alihesabu kwa sauti, mimi moyoni.
Moyo uliniishia kwenye kumi na tisa;
yeye akaendelea.

Ishirini na sita.

"Ni mbaya?" akauliza.
Nikampa daftari na kalamu.
Iandike kwanza, nikamwambia. Halafu tushuke,
kuna kiungo kinavuja pale kwa Mejía
na bado mchana upo.