Nafasi ya Sahihi

Fomu iko mezani tangu Jumatatu.
Jina: Swafiya Mbarak. Kidato cha Kwanza.
Aruke, akasome Hisabati na Kidato cha Tatu?
Pa kutia sahihi yangu pako tupu,
pana alama ya kikombe tu, duara la kahawa
ambalo yeye angenitajia eneo lake kabla sijalifuta.

Ni kweli: nikiandika swali ubaoni
jibu huwa tayari, chaki haijafika kwenye kiulizi.
Kisha hugeukia dirisha la upande wa Shimanzi,
akahesabu mabati ya maghala ya chai
kwa safu, si moja moja.

Mwalimu mkuu kasema, haraka haraka haina baraka.
Mamake akajibu, na ngoja ngoja je, huumiza nini?
Methali mbili zikakaa kimya kwenye kochi moja
kama mawifi.

Wakanitazama mimi.
Sikuwaambia kwamba nami nilirushwa,
toka la nne hadi la sita, mwaka ule Baba
aliponunua halwa kilo nzima akagawia Kibokoni.
Huko la tano ndiko walikofunzwa kugawanya kwa njia ndefu.
Hadi leo, na shahada yangu ukutani,
nikigawanya mbele ya watoto moyo hunidunda;
nachagua namba zisizo na baki.

Likoni, feri ikikaribia, wapo warukao
kabla bamba halijagusa saruji.
Wengi hufika salama. Halafu wote,
walioruka na waliongoja,
hukutana pale juu stendini, wakisubiri gari lile lile.

Nikamwita. Wataka kwenda?
Akafikiri. Sijawahi kumwona akifikiri muda mrefu hivyo.
"Huko mbele, Mwalimu, watu hukosea?"
Hukosea, nikasema. Sana.
"Mimi sijakosea tangu Januari,"
akanena kama mtoto aliyefungiwa nyumbani likizo nzima.

Nikaigeuza fomu, upande wa nyuma
nikaandika: 7,481 gawanya kwa 23.
Taratibu, nikamwambia, hatua zote, nami nizione.
Akainamisha kichwa. Akashusha, akatoa, akashusha.
Nikasogeza kiti karibu, nikasahau kengele.

Ikabaki sita.
"Na hii?" akauliza.
Iache hapo, nikasema,
nikaanza kutafuta kalamu yangu,
kumbe anayo yeye.