Fulana Tatu za Langobaya

Tulifika saba, na shahada za kutosha kuezekea banda,
beji za mafunzo shingoni, kalamu mpya mfukoni.
Mwanamke aliyekuwa akitwanga mwarobaini
alitupa kiwiko tukishike, mikono yake mibichi.
"Naitwa Nyevu Changawa. Mhadhiri wenu ndimi."

Profesa Muthiani alitafuta pa kuchomeka projekta.
Ukuta ulikuwa na tundu moja, la nyuki.

Somo la kwanza: vueni fulana.
Tulicheka. Yeye hakucheka.
Za pamba tupu, alisema, mkaguane lebo.
Zikapatikana tatu.
Moja tuliifukia katika shamba la mfano,
lenye kibao cha mradi na hesabu ya magunia ya mbolea.
Moja kwake, kati ya mbaazi na pojo,
chini ya mabua ya mtama yaliyooza nusu.
Ya tatu, yangu,
njiani, ng'ombe wapitapo kwenda Sabaki.
Rudini baada ya miezi miwili.

Miezi miwili nilifundisha kama kawaida:
slaidi ya arobaini na mbili, tabaka za udongo,
mchoro niliorithi kwa aliyenifundisha,
naye kwa aliyemfundisha,
udongo mweusi wa nchi yenye theluji.
Miaka kumi na tisa nauonyesha kwa fimbo.
Mbeyu, wa kiti cha nyuma, aliwahi kuuliza,
"Dakta, huu ni wa wapi?"
Nilimwambia asome ukurasa unaofuata.

Mvua iliyotangazwa Machi ilikuja Aprili ikiisha,
ikamwaga siku nne,
ikakatika kama simu iliyokwisha salio.

Tukarudi kufukua.
Ya shamba la mfano ilitoka nzima,
ukiifua unaivaa harusini;
Dakta Chepkemei aliisoma hata saizi.
Yangu ilikuwa imekauka na kubanwa kama chapati ya juzi.
Kwa Nyevu tulichimba, tukachimba,
tukadhani tumekosea mahali,
mpaka Kahindi wa maabara akainua uzi:
mshono wa nailoni, duara la shingo, makwapa mawili,
umbo la mtu bila nguo, bila mtu.
Nilichungulia ndani yake nikaona mbaazi zimesimama.

"Nani ameila?"
Bakteria, tukasema. Kuvu. Mchwa. Tukaongeza Kilatini.
"Sikuuliza majina. Hao, mvua ikikosa, nani anawalisha?"
Akanyamaza, akitusubiri.
Nimewasubirisha watu hivyo maisha yangu yote.
Sikujua kuwa kunawasha masikio.

Kisha akatuonyesha upande wa pili wa ua,
mahindi yake, makavu, yakigongana.
"Na haya pia yaandikeni," alisema.
"Msije mkasema chuoni kuwa Nyevu ameshinda."

Usiku, juu ya mtaala, tulizozana.
Fulana tatu si utafiti, alisema Muthiani,
na alisema kweli.
Kwa hiyo tumenunua thelathini, sokoni Malindi.
Muuzaji aliuliza timu yetu inacheza ligi gani.

Jumatatu niliingia darasani na mshono ule kwenye bahasha.
Niliutundika kwenye msumari wa ubao,
nikasahau kuwasha mashine.
Mbeyu akainua mkono: itatoka kwenye mtihani?
Nikasema sijui.
Neno hilo lilisikika geni, kama limesemwa na mtu
aliyesimama nyuma yangu.

Tukatoka nje, nyuma ya bweni,
pale nyasi hufyekwa na kuchomwa kila Ijumaa.
Wanafunzi arobaini, majembe mawili,
ardhi ngumu iliyorudisha jembe la kwanza juu.
Shimo lilipofika kiwiko
wote walinyamaza, wakanitazama kifuani.
Nikaanza kufungua vifungo.