Chozi Uani

Kipupwe kiliondoka bila kuaga.
Bado nalala na khanga mbili,
asubuhi natoa cherehani barazani, Tabata Kisiwani,
nakuta mkomamanga umevaa.
Vikombe vya nta, na ndani yake
petali nyekundu zimekunjamana
kama nguo iliyotoka kwenye ndoo, haijaonja pasi.

Nikahesabu.
Nikaandika kwenye daftari la vipimo,
chini ya kiuno cha Mama Nuhu:
*Agosti 9. Maua 42. Jua.*

Wakaja wenyewe, hawakualikwa.
Shorewanda wawili, vichwa vyeusi,
wakigombana kama waliopunjwa chenji.
Tetere, mwenye neno moja tu,
analirudia tangu alfajiri hatulielewi.
Na yule mdogo, mwembamba wa sindano,
shingo yake ikiguswa na jua ni kijani,
akigeuka ni zambarau,
akiingia kivulini ni kama sikuona kitu.
Mdomo uliopinda anautia ndani ya ua
bila hodi.
Chozi.
Aliyempa jina hilo alikuwa na msiba gani?

Redioni walisema pakavu hadi mwezi wa kumi.
Tarehe kumi na nne, saa nane mchana,
wingu likatokea upande wa Ukonga, peke yake, kama mdai.
Haikuwa vuli. Vuli tunaijua:
hutuma upepo kwanza, hutuma harufu ya vumbi,
watu wanaanua, kuku wanaingia.
Hii ilimwagwa tu.
Niliokoa sare za shule, kumi na moja.
Cherehani nikaifunika turubai.
Maua utayafunika na nini?

Jioni ua lote lilikuwa maua.
Nilichukua ufagio nikausimamisha ukutani,
nikaacha hadi kesho.

Dada yangu Mwanaheri akapiga simu kutoka Lushoto.
Huko mifyulisi ilichanua mapema, akasema,
mlima mzima ukawa wa waridi, watu wakapiga picha,
kisha ikanyesha ya mawe.
Tukanyamaza, salio likaenda.

Mwenye nyumba alikuja kuchukua kodi, Bwana Kilewo,
akautazama mti kama mtu anayetazama deni.
"Hapa linakaa tangi. Lita elfu tano.
Huu una faida gani?"
Akaniomba tepu apime.
Ninazo mbili. Mpya,
na ile ya zamani iliyovutika kwa miaka ya viuno vya watu,
ambayo kila ukipima, kitu hupungua.
Nikampa ya zamani.
Akapima mara tatu, akikuna shingo.
Tangi halikuenea.

Mungu anisamehe, au acheke.

Nyuzi zilianza kupotea.
Nilimshuku mtoto wa jirani, kisha nikamwona mwizi:
jike lake, asiye na rangi hata ya kujitetea,
anatua kando ya mguu wangu, anaokota vipande,
haogopi hata kelele ya cherehani.
Nyumba yake inaning'inia kwenye waya wa kuanikia:
utando wa buibui, majani makavu,
ganda la pipi, uzi wa bluu wa sketi za darasa la tano.
Na juu ya mlango, nisiseme uongo,
ameweka kibaraza.
Mvua ipigie upande utakao.

Sasa naanika ukutani. Mama Nuhu ananicheka.
Kunguru akitua juu ya bati narusha kibiriti cha uzi,
nikimkosa naenda kukiokota mtaroni.

Leo asubuhi jua, saa nne manyunyu,
saa tano jua tena, kali, la kuomba msamaha.
Kwenye mkomamanga yamebaki maua tisa.
Nyuma ya moja, pale petali zilipodondoka,
pamevimba kidogo, ukubwa wa kifundo cha uzi.
Huenda ni tunda. Huenda ni maji tu.

*Septemba 3. Maua 9. Kifundo 1.*
Mahali pa hali ya hewa
niliiweka kalamu, nikaiondoa,
chozi akapita karibu na sikio langu
na uzi mwingine mdomoni.