Sababu ya Moshi

Walichomeka mrija kwenye ekzosi,
wakaniambia kanyaga, nikakanyaga,
uwanja mzima ukapotea.
Nilisikia mtu akikohoa, sikumwona.
Mashine ikaandika namba. Kijana akaisoma,
akafuta kioo kwa kiganja, akaisoma tena.
"Mama, hili si gari. Hili ni tanuri la mkaa
lenye leseni."
Tukacheka, mimi naye.
Kisha akabandika karatasi nyekundu kiooni,
juu ya jina la marehemu.

Isuzu hii ilinunuliwa mwaka wa tumbaku nzuri.
Imebeba asali ya Ipole, nta, mabati ya msikiti,
wajawazito wawili (mmoja hakuwahi kufika Kitete,
akajifungulia juu ya magunia),
na maiti mmoja: mwenyewe, Mihayo wangu,
amelala nyuma ndani ya turubai
nami nimeshika usukani wake kwa mara ya kwanza,
moshi ukitufuata kama wafiwa.

Serikali inasaidia, kijana akasema.
Kuna ruzuku. Nozeli, pampu, chujio la hewa:
wao robo tatu, wewe robo.
Siku sitini zikipita, namba inang'olewa.
Akanipa fomu ya kurasa nne
na kalamu, ya kurudisha.

Jina la mmiliki. Nikaandika.
Sahihi ya mmiliki.
Hapo kalamu ikagoma kama punda darajani.
Mmiliki yuko Kiloleni, chini, mwaka wa sita huu,
hashiki kalamu.
Nikaenda mahakama ya mwanzo, nikarudi na karatasi ya mirathi.
Nikaenda mapato, wakataka kodi ya kuhamisha jina.
Kodi ikaizidi ruzuku kwa elfu kumi na nane.
Nikauza mbuzi ili nisaidiwe.
Andika na hiyo, wewe unayejumlisha.

Kipengele cha saba:
Eleza sababu ya moshi.
Mistari miwili, basi.
Ningeandika dizeli ya madumu, ile ya kuchujwa kwa kanga.
Ningeandika kwamba fundi Lugendo alinionya miaka minne,
pampu imezeeka, Kalunde, pampu imezeeka,
nikamjibu ada ya shule haizeeki.
Niliandika: Umri.
Sikusema wa nani.

Lugendo alikaa na ile injini siku tatu.
Chujio alilitoa jeusi, akaligonga kwenye jiwe,
likadondosha masizi, na nyuki mmoja mkavu.
Alipoliwasha nilidhani halijawaka.
Nikazunguka nyuma, nikaweka kiganja:
joto tu.
Kijana akabandua nyekundu. Gundi ikang'oa rangi,
zikabaki herufi tatu: M, I, H.
Akaomba radhi. Nikamwambia zinatosha.

Ijumaa nikashika njia ya Ipole.
Nikafika, sikumkuta mtu.
Siku zote moshi wangu huonekana juu ya miyombo
nikiwa bado mbali, kona ya pili,
na nikifika ndoo zimeshapangwa barabarani,
watoto wameshagombana nani akae mbele.
Nikangoja. Kuku akavuka.
Nikapiga honi, honi niliyokuwa siijui sauti yake.

Akatoka Shigela, ametoka kurina,
mwenge wa magome ungali ukifuka mkononi.
Akalitazama gari. Akaitazama barabara nyuma yangu,
miti yote ikionekana hadi mwisho.
"Tulijua hauji," akasema.
"Tuliangalia juu, hatukuona kitu."

Nilitaka kumweleza habari za ruzuku,
za mbuzi, za kipengele cha saba.
Upepo ukageuka, mwenge ukanipulizia usoni,
kifua kikanibana.
Nikamwomba ausogeze kando kidogo.

Alinitazama
kama mtu anavyomtazama jirani
aliyeanza maringo.