Kiu Isiyopiga Hodi

Winnipeg, Januari, nyuzi thelathini chini ya sifuri.
Hapa kiu haipigi hodi.
Tabora nilikokulia jua lilikuwa mnyapara:
linakusimamia utosini, linakuamuru, kunywa,
nawe unakunywa, kata juu ya kata.
Hapa jasho linatoka kimya chini ya sweta tatu,
linakauka kabla hujajua kama lilikuwepo,
na ule moshi unaokutoka puani ukingoja basi
nao ni maji,
yanakwenda zake, hayaagi.

Sikulijua hilo.
Na kazi yangu, jamani, ni kunywesha watu!
Saa moja asubuhi mpaka saa tisa
nazunguka nyumba ya wazee na kikombe chenye mdomo,
nambembeleza Bwana Halvorsen:
fundo moja la mjukuu,
moja la timu yako ya hoki,
haya, moja langu mimi.
Kisha naandika kwenye jedwali:
mililita mia na ishirini, saa nne na robo.
Mimi sikuwa na jedwali.
Nilikuwa na kahawa ya kuamkia
na kahawa ya kusimamia.

Saa kumi nashuka ngazi za jimu ya Marlene,
chini ya duka la mazulia,
mabomba ya joto yakinguruma darini,
chaki hewani, kioo kimepasuka pembe moja.
Mgongo ndio ulionipeleka.
Daktari alisema miaka hamsini na miwili
si umri wa kuogopa uzito,
ni umri wa kuogopa wepesi.

Alhamisi ile chuma kilikuwa kilo sabini.
Wiki iliyotangulia nilikichomoa
kama muhogo kwenye mchanga.
Leo kimeota mizizi.
Nikavuta.
Paja likajipiga fundo,
taa zikaanza kucheza,
na sakafu ikanijia taratibu
kama mtu mwenye siri ya kuninong'oneza.

Marlene hakunipa pole. Si mtu wa pole.
Tangu asubuhi umekunywa nini?
Nikahesabu. Kahawa. Kahawa.
Na chooni, rangi gani?
Lo! Swali ambalo hata marehemu mume wangu
hakuthubutu kuniuliza.
Nikaviambia viatu vyangu: chai ya mkandaa.
Akasema tutaifikisha kwenye maji ya ndimu,
akaushika mguu wangu, akaunyoosha,
na ili nisipige kelele akaniuliza maana ya jina langu.

Zamzam, nikamwambia.
Ni kisima. Kiko jangwani.
Tangu enzi za Bi Hajara hakijakauka.

Kimya. Mabomba yakanguruma.
Akanitazama, nikamtazama,
tukacheka mpaka paja likasahau kubana.

Sasa nina chupa, ya bati, imebonyea tumbo.
Inalala kando ya kitanda, inapanda basi nami,
inakaa karibu na chuma kama mtoto anayesubiri mamake.
Siibugii. Siku moja niliibugia yote kwa mkupuo
ili nilipe deni la wiki,
nikachuchumaa, na tumbo likapiga mawimbi,
Marlene akatikisa kichwa:
kunywa kabla hujaitwa,
kidogo, tena kidogo,
na ukivuja jasho sana, tia chembe ya chumvi.

Jana Bwana Halvorsen alikifunga kinywa.
La mjukuu, akakataa. La hoki, akakataa.
Kidole chake, chembamba kama kijiti cha kiberiti,
kikaionyesha chupa kiunoni pangu.
Wewe kwanza, akasema.
Nikanywa. Akanywa.
Nikanywa. Akanywa, akapangusa kidevu
kama mtu aliyeshinda kesi.

Yake nikaiandika kwenye jedwali.
Yangu, kwa kukosa mahali,
nikaiandika kiganjani kwa kalamu ya bluu.
Nilipokishika chuma jioni, kikapanda,
na nilipofungua mkono
jasho lilikuwa limeifuta hesabu yote.